Usiache jimu kwa sababu ya mizani: majibu ya barua zenu za mwezi huu

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka Arusha na Moshi, na nyingi ni za watu walioanza jimu mwaka ulipoanza wakiwa na moto, sa hivi wako njia panda. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko zingine, mnisamehe, maana mambo aliyoandika huyu mama nayakuta kila wiki kwenye kazi yangu ya ukocha na ndo yanayowatoa watu jimu wakati mwili ndo kwanza unaanza kuitika.

*Shikamoo dada. Mi ni mama wa watoto watatu, nakaa Pasua hapa Moshi, nauza nguo za mtumba Memorial. Miaka 41. Mwezi wa 12 kichwa kilikuwa kinaniuma sana huku kisogoni nikaenda kupima, wakakuta presha 148 kwa 94, nikarudi siku nyingine ikawa hivo hivo, uzito kilo 94, urefu sentimita 160. Daktari akasema mama punguza mwili alafu tuone kabla ya mambo ya dawa. Nikajiunga jimu, elfu 50 kwa mwezi, naenda mara nne kwa wiki nikishafunga biashara, natoka jasho mpaka fulana unaikamua. Dada hii ni wiki ya saba, mizani inasoma 93, juzi ikasoma 94 na nusu! Mume wangu anasema nateketeza hela, mama mkwe ndo kabisa, anasema nikikonda watu watasema mwanae hanilishi au naumwa. Na pale jimu vijana wamejaa kwenye kioo na vyuma vyao, mi najificha na baiskeli pembeni huko. Labda kitu kimoja tu, zamani nikitoa mabegi ya nguo stoo mpaka kwenye kizimba nilikuwa napumzika njiani mara mbili, siku hizi napitiliza. Niache au niendelee?*
*Mama Watatu, Pasua*

Marahaba mdogo wangu, na pole na mihangaiko ya sokoni. Usiache. Naanza na jibu kabisa ili usisome roho ikiwa juu juu, alafu ndo nieleze.

Hilo la mabegi umeliweka mwishoni kabisa kama kitu cha kupita, mi nimelirudia mara tatu. Mwili wako umeshakujibu hapo. Moyo unasukuma damu vizuri zaidi, pumzi imeongezeka, misuli ya mapaja na mgongo imeamka, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho mizani inaweza kukuonyesha sababu mizani inapima vyote kapu moja, mafuta, nyama, mifupa, maji, mpaka chai uliyokunywa asubuhi. Mtu ambaye hajazoea mazoezi akianza, misuli inashika maji wakati inajirekebisha, kwaiyo wiki za mwanzo unaweza ukawa unapunguza mafuta kabisa na uzito ukabaki pale pale. Alafu sisi wanawake tuna siku zetu, kwenye siku za kabla yake mwili unatunza maji na mizani inaweza kupanda kilo moja hata mbili, hiyo 94 na nusu ya juzi hebu angalia kalenda yako kwanza. Usiwe unapanda kila siku. Mara moja kwa wiki inatosha, siku ile ile, asubuhi, umeshatoka chooni na hujala kitu. Na chukua tepu ya fundi cherehani, zungushia tumbo usawa wa kitovu bila kubana pumzi, andika namba nyuma ya mlango. Kwa mwanamke ikizidi sentimita 88 maana yake mafuta ya ndani ya tumbo ni mengi na hayo ndo yanayosumbua presha na sukari. Mara nyingi tepu inaanza kushuka wakati mizani bado imenuna.

Lakini nisikufiche na upande wa pili, tupige hesabu pamoja maana hesabu imenisaidia kuwatuliza watu wengi. Saa moja ya mazoezi ya kawaida, kwa mtu wa uzito wako, inachoma kalori kama 400 hivi. Mara nne kwa wiki ni 1,600. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori karibu 7,700. Gawanya. Yaani jimu peke yake, bila kugusa sahani, inahitaji karibu wiki tano kutoa kilo moja, kwaiyo kwa wiki zako saba ilitakiwa iwe kilo moja na nusu na wewe umetoa moja. Hujafeli chochote mdogo wangu! Umepata kile ambacho jimu inaweza kutoa ikiachwa ifanye kazi peke yake.

Sasa hiyo kalori 400 kuirudisha ni dakika kumi tu. Chapati mbili zinapita 500, soda moja ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37 na kalori kama 150. Hujaniambia unakula nini ila watu wa sokoni nawajua, asubuhi chai na maandazi, mchana biashara imechanganya unapitisha, saa tatu usiku umetoka jimu njaa imekushika koo na hapo ndo sahani inajazwa ya siku nzima, na moyoni unajiambia leo nimefanya kazi bwana. Unarudisha ulichochoma na chenji juu.

Ndizi usiache. Nasema hivi sababu kuna watu wanawaambia kina mama wa Moshi eti waache machalari na mtori wale vyakula ambavyo hata sokoni Mbuyuni havipo, mtu anavumilia wiki mbili anarudi alipokuwa. Ndizi ni chakula kizuri, shida ni mwiko wa mafuta. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kula kina kalori kama 120, we angalia kwenye sufuria ya familia huwa unamimina au unapima? Anza kupima kwa kijiko. Nusu ya sahani iwe mboga, mnafu, mchicha, kabichi, chochote kilichopo, robo iwe maharage au dagaa au yai au nyama isiyo na mafuta mengi, robo inayobaki ndo ndizi au wali au ugali. Mchana usipitishe, hata ukibeba kikontena cha makande na parachichi kipande toka nyumbani. Na chai, jamani chai! Vikombe vinne kwa siku vijiko vitatu vitatu ni vijiko 12 vya sukari, karibu gramu 48, wakati Shirika la Afya Duniani linasema ukibaki chini ya gramu 25 kwa siku ndo vizuri zaidi. Shusha kijiko kimoja kila wiki mbili, ulimi unazoea. Ukipunguza kalori kama 500 kwa siku kwa mtindo huu ukaendelea na jimu, tegemea nusu kilo kwa wiki, pengine na zaidi kidogo. Chumvi nayo isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku kwa kila mtu, ukihesabu na ile ya kwenye viungo vya pakti, maana we una presha.

Na hapo kwenye presha ndo nataka utulie, sababu ndo iliyokupeleka jimu, hukwenda kwa ajili ya kukonda. Mazoezi ya kutembea haraka, baiskeli, aerobiki, yakifanywa mfululizo yanaweza kushusha namba ya juu ya presha kwa 5 mpaka 8 hata kama uzito haujasogea. Na uzito wenyewe hauhitaji ufike ulivyokuwa siku ya harusi, ukipunguza asilimia 5 mpaka 10, kwako ni kama kilo 5 mpaka 9, presha na sukari zinaonyesha tofauti. Nenda kapime tena mwezi huu. Ukikuta imeshuka kile karatasi kipeleke nyumbani mume wako akisome mwenyewe, na ukikuta haijashuka rudi kwa daktari wako, kumeza dawa sio kushindwa na mazoezi utaendelea nayo vile vile. Siku ukipima ukakuta 180 kwa 110 au zaidi usiende jimu, nenda hospitali. Na ukiwa kwenye mashine kifua kikabana au ukaona giza, shuka hapo hapo.

Mama mkwe usigombane nae. Kizazi chake kimezika watu walioanza kwa kukonda, na huku kwetu mwili wa mwanamke ndo barua ya kwanza majirani wanayoisoma kuhusu ndoa yake. Anaogopa, na anachoogopa ni kukupoteza wewe na heshima ya mwanae. Kaa nae siku moja mkiwa mnachambua maharage, mwambie mama nina presha, namba hizi, daktari kasema hivi, sitaki wajukuu zako wabaki wenyewe. Muombe akusaidie kwenye mafuta ya sufuria. Nimeona wakwe wengi wakishapewa kazi kama hiyo wanakuwa walinzi wakali kuliko hata kocha.

Na hao vijana wa kwenye kioo, mdogo wangu, wanajiangalia wenyewe. Toka kwenye baiskeli siku mbili kwa wiki. Mwambie kocha akufundishe skwati, kusukuma, kuvuta na kunyanyua uzito toka chini, aanze na vyuma vyepesi ambavyo unaweza kurudia mara 10 mpaka 12 bila mgongo kupinda. Misuli ikiongezeka mwili unatumia nguvu zaidi hata ukiwa umekaa kizimbani, na ukipunguza chakula bila vyuma unapoteza nyama pamoja na mafuta, ndo wale wanakonda wanabaki wamelegea. We ambaye unabeba mabegi ya mtumba kila siku una haki na hivyo vyuma kuliko wengi waliopo hapo. Niandikie ukishapima.

*Niaje sista. Mi dereva boda, kijiwe chetu kiko Sakina Arusha, nina 28. Mikono na miguu myembamba kabisa ila mbele kitambi kimetoka kama cha mheshimiwa. Napiga sitapu 300 kila asubuhi, mwezi wa tatu huu, kitambi kipo tu na mgongo sa hivi unauma. Nile nini au nipige ngapi ili kikate? Jioni huwa na wana tunapata choma na bia mbili tatu ila sio kila siku, kama mara nne hivi.*
*Mzee wa Sakina*

Mdogo wangu hongera kwa nidhamu, 300 kila asubuhi na baridi ya Arusha sio mchezo, ndo maana naumia kuona nguvu yote hiyo inaenda sehemu isiyo yake. Sitapu inakaza msuli wa tumbo, na huo msuli uko chini ya mafuta. Mafuta hayatoki pale unapopatesa, mwili unachota popote unapotaka wenyewe, ukipiga sitapu unaweza ukapungua uso. Punguza hizo 300 kabisa, mgongo unakulalamikia na we unashinda umekaa kwenye pikipiki saa 10 au 12, mgongo ule ule.

Badilisha hivi: siku tatu kwa wiki piga skwati, pushapu na plenki, mizunguko minne mitano, dakika 25 umemaliza, tena nyumbani bila hela. Siku mbili zingine kimbia au tembea kwa kasi nusu saa, kimbia kwa mwendo ambao bado unaweza kuongea. Hapo umeshafika ile 150 ya dakika kwa wiki ambayo wataalamu wanaitaka kwa mtu mzima, ukiongeza kidogo tu.

Ila tuongee ukweli kuhusu bia. Chupa moja ya nusu lita ina kalori 200 na kitu, tatu ni zaidi ya 600, mara nne kwa wiki ni 2,400 na hapo sijahesabu ndizi za kukaanga na chipsi za kusindikizia. Hizo ni kalori za kukimbia masaa kadhaa. Choma yenyewe haina tatizo kubwa, chagua mnofu, kachumbari nyingi. Bia ibaki Jumamosi, moja au mbili, na siku zote uwe umeshapaki pikipiki, hilo sina mjadala nalo, abiria wako wana mama zao. Mtu mwembamba mwenye kitambi kigumu mara nyingi mafuta yake yamekaa ndani, yanazunguka ini na utumbo, na hayo ni ya hatari, lakini pia mazoezi yakianza ni kati ya yanayokubali kutoka mapema. Kwaiyo usikate tamaa, na kapime presha na sukari hata kama una 28.

*Dada habari. Naishi Usa River, send-off yangu ni baada ya wiki nane na nina kilo 81, nataka nifike 66. Kuna dada ameniuzia chai ya kupunguza mwili na mkanda wa kuvaa tumboni, mkanda unatoa jasho hatari. Chai inanifanya naenda chooni mara sita kwa siku na nimeshashuka kilo 3 kwa siku nne. Niendelee nayo mpaka send-off?*
*Bi Harusi Mtarajiwa*

Acha chai leo, hata pakti iliyobaki usimpe mtu. Hizo kilo 3 ni maji na choo, mafuta hayajaguswa, ukinywa maji siku mbili zinarudi zote. Chai za namna hii nyingi zina majani ya kuharisha, na kuharisha mara sita kila siku kunatoa maji na madini ya potasiamu ambayo moyo unayahitaji ili upige vizuri, kuna watu wanaanguka njiani kwa sababu hiyo, na utumbo ukizoea kusukumwa unasahau kazi yake. Ukiona kizunguzungu au moyo unaruka ruka nenda kituo cha afya ukaseme wazi ulikuwa unakunywa nini. Mkanda nao unatoa jasho la pale ulipobana, basi.

Wiki nane kwa mwendo salama zinakupa kilo 4 mpaka 8. Hiyo sio kidogo, kilo 6 kwenye gauni ni kama saizi nzima. Mwambie fundi asikate gauni kwa vipimo vya ndoto, aache upana wa kubana wiki ya mwisho. Fanya mazoezi siku tano, vyuma vya mikono na mabega mara mbili maana gauni la send-off mabega yanaonekana, lala masaa 7, maana bi harusi asiyelala anakula ovyo, kila mtu anajua vikao vya harusi na maandazi yake. Na mwanaume aliyekuchumbia una 81 alikuona una 81.

*Mi ni mwanachuo, niko Kijenge. Nimejiunga jimu moja hapa mjini, kocha anasema ananirekebisha ila ananishika kiunoni na mapajani hata nikiwa sijakosea, akiona mtu anakuja anaacha. Nikimwambia anacheka anasema we mshamba, jimu ndo zilivyo. Nimeshalipia miezi mitatu. Nimeacha kwenda wiki mbili sasa. Labda kweli mimi ndo mshamba?*

Sio mshamba mwanangu, na jimu haziko hivyo. Kazi hii nimeifanya miaka, namfundisha mtu skwati kwa maneno, nasimama mbele yake nafanya mwenyewe anaangalia, nikilazimika kumgusa namuuliza kwanza naweza kukugusa hapa mgongoni, akisema hapana naheshimu na namuelekeza kwa njia nyingine. Njia nyingine ipo siku zote. Mtu anayeacha kukushika akiona watu wanakuja anajua vizuri anachokifanya.

Usirudi peke yako. Nenda na rafiki au dada yako, muone mwenye jimu na sio kocha, mweleze tarehe na mambo yaliyotokea, andika kabisa kwenye karatasi kabla hujaenda ili kigugumizi kisikushike. Dai ubadilishiwe kocha au urudishiwe hela ya miezi iliyobaki. Ukiona wanalipuuza au yule kijana anakufuata, kituo cha polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, wamewekwa pale kwa mambo haya haya. Hela ya miezi mitatu inauma, najua, hela ya mwanachuo ni hela ya kula, lakini hata ikipotea usiihesabu kama kamba ya kukurudisha pale.

Ukitafuta jimu nyingine, nenda kwanza saa ile ile unayopanga kufanya mazoezi, kaa nusu saa uangalie. Kuna wanawake? Kocha anaongeaje na mtu mnene, na mtu mzima? Sehemu ya kubadilishia nguo mlango unafunga? Kuna jimu zina masaa ya wanawake tu, uliza. Na wenye jimu mnaosoma hapa, huyu binti ameondoka kimya na atamwambia mwenzake mmoja, na nyie mtashangaa mwezi wa tatu kwanini wanawake hawarudi.

*Mwanangu, mimi ni mzee wa miaka 66, niko Kibosho. Nina sukari mwaka wa tisa, natumia vidonge aina mbili. Zamani nilikuwa nakata majani ya ng'ombe mwenyewe na kupanda na kushuka kihambani, sasa vijana wameniwekea mtu wa kazi, nimebaki kukaa na tumbo limekuja. Mwanangu wa Arusha amenilipia jimu Moshi mjini, ananiambia baba uende mara tatu kwa wiki. Je mzee kama mimi na sukari naruhusiwa vyuma? Majirani wananiambia nitaanguka.*

Shikamoo mzee wangu. Unaruhusiwa, na mshukuru sana huyo kijana, zawadi kama hiyo watoto wachache wanaiwaza.

Msuli ndo ghala kubwa la sukari mwilini. Ukiufanyisha kazi unavuta sukari toka kwenye damu wenyewe, na hali hiyo inaendelea siku moja mpaka mbili baada ya mazoezi, ndo maana tunashauri mtu wa sukari asipitishe siku mbili mfululizo bila kufanya kitu. Jimu iwe Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, siku za katikati tembea kihambani, ile milima ya Kibosho ni mazoezi tosha, na mwambie huyo mtu wa kazi akuachie mzigo mmoja mwepesi wa majani kila asubuhi. Vyuma navyo vina maana yake kwa umri wako, baada ya miaka 60 miguu inapoteza nguvu haraka na watu wazima wengi wanaanguka kwa sababu hiyo. Mwambie kocha muanze na kukaa na kunyanyuka kwenye kiti bila kushika mikono, mara kumi, pumzika, rudia. Ukiweza bila kuhema sana ndo muende kwenye mashine.

Kabla ya siku ya kwanza pita kliniki yako na hivyo vidonge viwili mkononi, muulize daktari kama kimojawapo kinaweza kushusha sukari ghafla. Metformin peke yake ni nadra, ila glibenclamide inaweza. Kama kipo, pima sukari kabla ya kuanza, ikisoma chini ya 5 (kwa mashine inayosoma mmol/L) kula ndizi mbivu moja usubiri kidogo. Ikiwa juu ya 14 na mwili haujisikii vizuri, siku hiyo pumzika. Mfukoni ziwe pipi nne au sukari kwenye kikaratasi, ukitetemeka, ukatoka jasho la baridi, au macho yakaingia ukungu, meza hapo hapo na kaa chini. Mwambie kocha mapema kwamba una sukari, wengine wanaficha, ikishuka watu wanadhani mzee amelewa. Na mbege, hiyo pombe yetu ya ndizi, mzee wangu, hata kama imetoka kwa jirani na ni ya heshima, usinywe siku ya mazoezi, inaweza kushusha sukari usiku ukiwa umelala.

La mwisho ni miguu. Sukari ya miaka tisa inaweza kuua hisia za nyayo, unaumia na hujui. Usiende na makobasi wala ndala. Mwambie yule kijana wa Arusha aongeze raba moja pana mbele isiyobana vidole na soksi za pamba, uzivae nyumbani siku tatu kwanza, na kila ukirudi toka jimu kalia kiti penye mwanga, mwite mjukuu akuangalizie nyayo na katikati ya vidole kama kuna lengelenge au mchubuko. Ukionekana, hata mdogo, kliniki kesho yake asubuhi.